Boti Lililooshwa kwa Mdomo

Siku ya mnada Karatu, katikati ya mbuzi na mitumba, Hilary alikata kona vibaya na boti la watalii alilokuwa akilikokota kwa gari likakwangua nguzo ya muuza mbao. Akashuka, shati lake la zambarau limelowa jasho. Boti lilikuwa la bosi wake, Mama Felista, mwenye kambi kando ya Ziwa Eyasi, naye angefika kesho yake.

"Pole, kaka. Limechubuka jelikoti tu, hili tabaka linalong'aa juu ya faiba," alisema dada mwenye ovaroli ya buluu na kilemba cha njano, akipitisha kidole kwenye jeraha. "Naitwa Bernadina. Ndiyo kazi yangu."

Hilary akalionea boti wivu kwa kuguswa na kidole kile.

"Lioshe kwa sabuni, vumbi lote litoke. Nitachanganya rangi ifanane na ngozi yake yenyewe."

Ndoo ilijaa maji. Lakini jirani palikuwa na kinyozi, na moyo ulioanza kupenda hauwezi kukaa na nywele timutimu. Hilary alirudi ananukia, akalipangusa boti kwa kitambaa kikavu.

"Umeosha?"

"Kama mtoto wa ubatizo, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Shika kopo."

Bernadina alidondosha rangi tone kwa tone, akapaka, ikaganda, akapiga msasa. Jeraha likapotea kabisa.

Alfajiri mvua ilinyesha, ikaliosha boti vumbi lote. Kulipokucha boti lilikuwa jeupe pe, na ubavuni lina baka la rangi ya chai ya maziwa.

"Binti, kazi za kambi yangu basi tena," alisema Mama Felista alipofika na kuliona baka.

Bernadina alimtazama Hilary, akasubiri. Hilary akayachunguza matairi kwa makini makubwa. Bernadina akaondoka.

Kutwa nzima Hilary alimpigia Bernadina; simu iliita, ikakatwa. Jioni alisimama mbele ya bosi kama mwanafunzi aliyekamatwa nje ya uzio.

"Mama, fundi hana kosa. Nilimdanganya kwamba nimeosha."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa kinyozi, nanyolewa."

Mama Felista alizikagua nywele zake mpya, na Hilary akaanza kufungasha mizigo akilini.

"Mwite arudi. Na boti utaliosha mbele yangu."

Hilary alimtumia Bernadina ujumbe: *Nimemwambia mama ukweli.* Kisha akapiga, na safari hii simu ilipokelewa.

"Nani?"

"Muongo wako."

"Umemwambia yote?"

"Mpaka kinyozi."

Bernadina alicheka bila kupenda. "Kesho nitalikwangua baka nianze upya."

"Bernadina, Jumapili nije kwenu Kansay, niwaone wazazi wako?"

"Njoo," alisema. "Ila uoge kwa sabuni. Nitakagua mwenyewe, hadi nyuma ya masikio."