Koti la Bafta

Asubuhi hiyo nilikuwa uani namenya muhogo. Mwanangu Mwanamvua alikuwa mkekani, na kaka yangu Twalibu alikuwa anamfunga bendeji ya kitambaa cha kanga mkononi.

"Kaka, mwache mtoto. Hajavunjika."

"Nikimwacha, nitajifunza kwa nani? Wewe kila nikikushika unakimbia."

Alikuwa amemaliza mwaka wa kusomea uganga wa hospitali darasani, huko Dar es Salaam. Jumatatu ingekuwa mara yake ya kwanza kuingia wodini, kwa wagonjwa wenyewe. Alikuja kwangu Kisarawe kujitayarisha, kwa kuwa mume wangu alikuwa Mlandizi kwenye mpunga na nyumba ilikuwa na utulivu. Lakini matayarisho yote yalikwama kwenye jambo moja, koti jeupe. Waliambiwa wazi kwamba asiye na koti haingii wodini, na asiyeingia arudi kwao akalime.

Ilikuwa miaka ya vita, na nguo zilikuwa adimu. Tulikwenda dukani asubuhi, tukaambiwa turudi alasiri. Tuliporudi alasiri tukaambiwa labda mwezi ujao. Twalibu alirudi amefura. Mimi nami nilikuwa na hasira, lakini ni mtu wa haya, nikaimalizia kwenye kinu.

Ndipo alipokuja shangazi Mwanamkuu. Huyu ndiye anayeosha maiti wa kike pale kwetu. Tulimwamkia, akaitikia "Marahaba" huku anatoa kitambaa cha bafta chini ya kanga yake. Ilikuwa nyeupe, mpya kabisa.

"Chukua, mwanangu. Usimwulize mtu mzima amepata wapi."

Tuliipeleka kwa Kondo, fundi cherehani, naye alipoikunjua alicheka. "Daktari mzima, koti la kuombaomba!" Kisha akapitisha kidole ukingoni mwa kitambaa, kicheko kikakatika.

"Hii haikukatwa kwa mkasi," akasema polepole. "Imechanwa kwa mkono."

Alilishona, lakini wakati wa kutukabidhi hakututazama. Mabaki ya bafta Twalibu akayafanya bendeji mpya.

Nililifua koti nikalianika. Jua lilikuwa kali, kanga zangu zikakauka, koti likabaki bichi. Nikalikamua, nikalianika tena. Kesho yake likawa vilevile. Nilipoona siku zinakwisha nikalipitishia pasi ya mkaa. Mvuke uliopanda ulinuka kafuri, ile wanayotiwa maiti.

"Umefulia nini?" Twalibu akafoka.

"Sabuni ileile, kaka."

"Sabuni gani hii? Dukani balaa, nyumbani balaa!"

Akalivaa hivyohivyo, bichi. Akaketi mlangoni ajifunze kushika mshipa, maana ndilo jambo la kwanza ambalo daktari angemwuliza. Alinishika mimi mkono, akahesabu mapigo vizuri tu. Akajishika mwenyewe. Akahamisha kidole. Akakihamisha tena.

"Siupati."

"Bonyeza."

"Nimebonyeza! Mwaka mzima nimesoma, mshipa wangu mwenyewe siupati?" Akapiga ukuta kwa kiganja. "Nimekosea mahali pa kushika."

Nikamshika mimi, kama alivyonifundisha. Mkono ulikuwa wa baridi. Nikangoja. Hamna kitu. Nikapeleka vidole shingoni. Hamna. Na yeye yupo, ananitazama, anapepesa macho.

"Kaka, vua koti."

"Usiniletee mambo ya kizee."

"Vua."

Akavua. Mshipa ukaruka chini ya vidole vyangu.

Nilikimbia kumwita shangazi. Twalibu alikuwa amelitupa koti mkekani na kutoka nje. Tulipoingia, lilikuwa limenyooka chali. Mikono yake ilikuwa juu ya kifua, wa kulia juu ya wa kushoto.

Shangazi akaketi chini.

"Biubwa," akanong'ona.

Biubwa alikuwa jirani yetu, tulimzika mwezi uliopita. Sanda ya mwanamke ni nguo tano, nazo huchanwa kwa mkono, hazikatwi kwa mkasi. Shangazi alimvisha nne.

"Nilijua yeye hana haja tena. Huyu kijana anayo."

"Na sanda yako uliyojiwekea sandukuni?" Twalibu akauliza toka mlangoni.

"Nguo hakuna, mwanangu. Mimi nikifa nizikwe kwa mkeka?"

Twalibu akalichukua koti, akaenda kulifukia kaburini kwa Biubwa. Shangazi akaenda kwake na kurudi na sanda yake, akampelekea Kondo bila kumsalimu. "Mshonee," akasema.

Nikadhani yamekwisha. Nikaingia chumbani kumtazama Mwanamvua, nilikomlaza.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bendeji.

Sikumfunga mimi. Twalibu alikuwa hajarudi. Yalikuwa yale mabaki ya bafta, ambayo hakuna aliyeyakumbuka. Yamezungushwa kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, yamenyooka, yamebana, nadhifu kuliko kaka alivyopata kufunga.

Yalikuwa mabichi.

Nikayafungua. Nikashika mshipa.

Nayo tuliyafukia, siku ileile. Jumatatu Twalibu aliwahi treni Pugu, akaingia wodini na koti la shangazi, na mpaka leo yumo na anasifiwa. Mwanamvua naye amekua. Anakula, anakimbiza kuku, anajibu watu wazima.

Lakini kila kaka anapokuja likizo, kabla hajaketi, humshika mtoto mkono wa kulia, akatabasamu. Kisha humshika wa kushoto. Huhamisha kidole. Hukihamisha tena.

"Nimekosea mahali pa kushika," husema.

Nami huitikia, nikaendelea na kufua. Gauni la Mwanamvua nalianika juani pamoja na kanga zangu. Hukauka lote, ila mkono wa kushoto.