Ukwato wa Nne

Tangu alfajiri Kache hakutulia. Chai aliinywa akiwa amesimama, mbaazi na mahamri akaacha nusu, akatoka barazani, akarudi, akatoka tena. Kila alipozunguka, mguu wake wa kushoto, uliodhoofika tangu utotoni, uliburura kandambili sakafuni.

"Wewe mtoto, una siafu miguuni?" Nyanya yake aliuliza, huku akilifunga hamri lililobaki kwenye karatasi. "Jua lenyewe bado halijafika mtaani Kibokoni."

"Tutachelewa, Nyanya!"

Nje, Fahmi wa nyumba ya pili alikuwa akifagia. "Kache, mshike vizuri huyo farasi. Asije akakupanda yeye!"

"Nikirudi, utaniamkia shikamoo!" Kache akamjibu, wakacheka wote.

Daktari wa viungo ndiye aliyeshauri kwamba kupanda farasi kungeutia nguvu mgongo na mguu wake. Kila Jumamosi walikwenda kwa tuktuk hadi kiwanja kilicho karibu na mnara wa taa, ambako Mwalimu Mwende aliwafunza watoto wenye viungo dhaifu. Lakini Jumamosi tatu zilikuwa zimepita na Kache hajapanda. Kazi yake ilikuwa kumpiga brashi Marjani, farasi jike wa rangi ya kahawia, na kumsafisha kwato kwa chuma kidogo cha kuchokolea. "Anayetaka kupanda, aandae kwanza," mwalimu alizoea kusema. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Kache alisafisha ukwato wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne, wa nyuma kushoto, Marjani alikataa kuuinua. Kache akamsukuma mara moja, mara mbili. Jasho likamtoka. Muda ulikuwa unakwenda!

"Kwato zote nne?" Mwalimu Mwende aliuliza kutoka kwenye kibanda cha matandiko.

"Zote, mwalimu."

Akapandishwa. Lo! Ardhi ilikuwa mbali chini. Mwalimu alishika hatamu akatangulia, na Nyanya akapunga leso. Miguu miwili ya Kache ilining'inia sawasawa. Hakuna ambaye angejua upi mzima na upi mbovu.

Katika mzunguko wa pili, Kache alihisi kitu. Mgongo wa Marjani ulikuwa ukiyumba. Hatua ndefu, hatua fupi. Mwendo ule aliujua. Ulikuwa wake mwenyewe, anapopita mbele za watu akiuegemea mguu mzima ili wasione kuwa mwingine unauma. Mwalimu, aliyekuwa mbele, hakuona.

Vidole vya Kache vikaanza kugonga tandiko. Akisema, atashushwa. Mzunguko mmoja tu zaidi... Hatua ndefu, hatua fupi.

"Mwalimu, simama! Marjani anaumia mguu wa nyuma, wa kushoto." Akauonyesha kwa kidole. "Ukwato huo sikuusafisha. Nilikudanganya."

Mwalimu alimshusha, kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa Kache. "Usimsukume. Telezesha mkono mguuni polepole, kisha mngoje."

Wakangoja. Marjani akainua mguu mwenyewe. Ndani ya ukwato kulikuwa na kijiwe chenye ncha.

"Leo hapandwi tena," mwalimu alisema, baada ya kukitoa. "Tungeendelea, angepata kidonda. Na mimi sikuwa nimeona."

Machozi yalimlengalenga Kache. Nyanya akafungua karatasi, akampa lile hamri.

"Mjukuu wangu, uliruka kazi moja kati ya nne, na hiyo moja ndiyo iliyomuumiza asiyeweza kusema. Uongo nao ni kama kijiwe hicho, kadiri unavyotembea nao ndivyo unavyozidi kuchoma. Lakini umeutoa wewe mwenyewe, ukijua utashushwa. Kosa lako nimeliona, na ujasiri wako nimeuona."

Kache akafuta uso. Akaweka mkono begani kwa Marjani, wakaelekea kivulini taratibu, wote wawili wakichechemea, bila hata mmoja kuficha.