Finjani Iliyoachwa Sakafuni

Ghazwani alilala kifudifudi kwenye zulia lake, kisogo kimepasuka. Kando yake ulikuwapo mchi wa shaba wa kutwangia kahawa, umefutwa ukang'aa.

Wakati wa vita, kule Mosul, Iraki, alikuwa mkalimani wa jeshi la Marekani. Marekani ikamlipa fadhila: viza, na baridi ya mji wa Dearborn.

"Mchi hauna alama za vidole, kitasa hakina," alisema Sajini Kowalski. "Muuaji kasafisha kila kitu."

Inspekta Sinani, Mwiraki mwenyewe, alikuwa amechuchumaa. Mbele ya mto wa kukalia mgeni, sakafuni, palikuwa na finjani ya kahawa iliyojaa, imepoa.

"Mgeni hakupenda kahawa," Kowalski alisema.

"Kwetu mgeni akiweka finjani chini hivi, kaja na haja. Hanywi mpaka mwenyeji aseme, 'Kunywa, umekubaliwa.' Huyu kanyimwa. Pima alama kwenye finjani."

Mjane, Najla, alikuwa jikoni. Alilala kwa dada yake, asubuhi akarudi kukuta maiti.

"Dada Najla, nani alikuwa na haja na marehemu?"

"Sijui."

"Unajua."

Alilia kwanza. "Muthana, mwokaji mikate. Kila Ijumaa yuko mlangoni. Mume wangu alikuwa akizima taa, ajifanye hayupo. Jana sijui kwa nini alifungua."

Alama za kwenye finjani zilikuwa za Muthana.

"Jana jioni ulikuwa wapi?" Sinani alimuuliza kituoni.

"Kwenye tanuri langu."

"Tanuri lilikuwa baridi. Majirani wamekula mkate wa dukani, wanakulaani mpaka sasa."

"Basi nilikuwa msikitini."

"Msikiti gani huo unaokaribisha watu kahawa?"

Sinani alisogeza kiti karibu.

"Umefuta mchi, umefuta kitasa. Finjani mbona uliiacha?"

Muthana alimtazama kama mtu aliyeulizwa upuuzi. "Wewe si mtu wa kwetu, kaka? Ningeiinuaje, na haja yangu haijakubaliwa?"

Kisha yakamtoka yote.

"Kule Mosul, Ghazwani alikuja kwetu na askari wa Marekani, kafunika uso. Akamnyooshea kidole ndugu yangu Rafidi. Sauti niliijua, tumesoma pamoja. Rafidi hakurudi tena. Mtaa mzima ukamwita mama yangu mama wa gaidi. Sasa mama anakufa, Inspekta. Nilimwomba Ghazwani aje amwambie neno moja tu: nilikosea, mwanao hakuwa na hatia. Unajua alinijibu nini? 'Nikikiri watanirudisha Iraki. Mama yako mzee, atakufa tu.' Mchi ulikuwa karibu."

Sinani aliichukia kazi yake siku ile, na akamchukia marehemu zaidi. Akammiminia mtuhumiwa kahawa ya kituo, kwenye kikombe cha karatasi.

Muthana, mikono ndani ya pingu, alikiweka sakafuni.

"Sema haja yako," Sinani alisema.

"Nenda wewe kwa mama. Mwambie Rafidi hakuwa na hatia. Na yangu mwambie, usimfiche."

Sinani alikitazama kikombe pale sakafuni.

"Kunywa. Umekubaliwa."

Bibi Sabiha, mama yake Muthana, alimsikiliza Sinani akiwa kitandani, hakumkatiza. Aliposikia la Rafidi alifumba macho, machozi yakamtiririka, akamshukuru Mungu. La Muthana alilisikia macho yakiwa wazi.

"Aliyemchukua Rafidi alikuja kafunika uso," alisema. "Wewe angalau umekuja uso wazi. Haya mwanangu, toka nyumbani kwangu."