Taa za Tutafika

Kila siku baada ya shule, Cherehani alipitia kwenye studio ya shangazi yake. Jina lake halisi lilikuwa kwenye rejista ya darasa, na huko ndiko lilikokaa bila kusumbuliwa. Nyumbani, shuleni na mtaani aliitwa Cherehani kwa sababu mguu wake wa kulia haukujua kutulia. Akisoma, unapiga. Akila, unapiga. Mama yake alisema hata akisinzia, ungeweza kumwekea kitambaa chini ya unyayo ukapata shati kabla hajaamka.

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu, kiti kisicho na mgongo na kioo kilichopasuka pembeni. Mbele ya kioo hicho wateja walichana nywele kabla ya kupigwa picha za vitambulisho. Cherehani alifagia, akakata picha kwa mkasi bila kumkata mtu sikio, kisha akachaji vifaa. Vifaa ni betri za kamera na tochi moja nyeusi, nzito, ambayo shangazi hakutaka iguswe ovyo.

Tochi hiyo ilikuwa na kazi maalumu. Mchana shangazi alipiga picha za vitambulisho na za harusi, lakini usiku usio na mwezi alikwenda kwenye yadi ya magari mabovu kupiga picha za magari yaliyokufa. Alisimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, akalifungua jicho lake na kuliacha wazi kwa muda mrefu. Halafu alizunguka gizani akilimulika gari polepole, kama mtu anayepaka rangi ukuta. Kila palipopita mwanga paliingia kwenye picha. Yeye mwenyewe alivaa nguo nyeusi na hakusimama mahali pamoja, kwa hiyo hakuonekana kabisa.

Cherehani alikuwa amejaribu mara kadhaa, na matokeo yalikuwa aibu tupu. Alikimbia na tochi toka bampa la mbele mpaka taa za nyuma, picha ikatoka na madoa madoa.

"Huyu amepaka rangi huku anafukuzwa na mbwa," alisema mlinzi wa yadi alipooneshwa, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Cherehani hakucheka. Alitaka sana kuijua kazi ile, ila alitaka aijue leo.

Ndipo ikaja habari mbaya. Mwenye yadi alikuwa ameyauza magari yote kwa wakata vyuma. Wangekuja kesho yake asubuhi na mitungi yao ya gesi, na wangeanza na basi lililokuwa karibu na lango. Basi hilo liliitwa Tutafika. Jina lake bado lilisomeka kwenye bati lililo juu ya dirisha la mbele. Dereva wake wa miaka mingi alikuwa babu yake Cherehani, baba mzazi wa shangazi.

Babu hakulia wala hakulalamika. Aliomba kitu kimoja.

"Nipigeni picha nikiwa kwenye usukani wake, taa zikiwaka," alisema. "Mchana sitaki. Mchana ni mzoga, kutu na majani tu. Mimi nililiendesha usiku."

Taa zenyewe hazikuwa hata na glopu, lakini kwa hilo shangazi alijua la kufanya. Jambo lililokuwa gumu ni babu mwenyewe. Tangu alipougua, kichwa chake na mikono yake vilitetemeka bila kukoma, na kila alipopigwa picha aliificha mikono mfukoni. Kamera ikiacha jicho wazi muda mrefu, mtu anayetetemeka hutoka kama moshi.

"Usijali, baba," shangazi alimwambia. "Ukiwa gizani kamera haikuoni, tetemeka utakavyo. Nitakumulika mara moja tu, kufumba na kufumbua, na kamera itachukua hapo tu."

Alasiri hiyo shangazi alitoka kwenda kumchukua babu, Cherehani akabaki peke yake studio. Tochi ilikuwa mezani. Alijiambia atafanya mazoezi kidogo tu, apate kuonesha usiku ule kwamba naye ni mtu. Akaenda nayo nyuma ya pazia. Aliandika jina lake hewani, akachora nyota, kisha ng'ombe ambaye miguu yake ilizidi hesabu. Alipotanabahi, mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa manjano. Akakimbilia chaja na kuichomeka. Haukupita muda, umeme ukakatika mtaa mzima.

Usiku ulipoingia, shangazi alirudi na babu, akiwa na furaha.

"Giza totoro! Hili ndilo nililokuwa nalitaka. Tochi imejaa?"

Mguu wa Cherehani ukaanza kupiga.

"Imejaa," alisema.

Njiani alitaka kulirudisha neno hilo. Mara tatu, mara nne, alifungua mdomo aseme, na kila mara babu alimwahi kwa jambo la furaha. Alikuwa amevaa koti lake la udereva, lile lenye vifungo vya shaba, na alimuuliza kama kola imekaa sawa. Akamwonesha jinsi alivyokuwa akiwapungia madereva wenzake walipopishana usiku. Ungemwambiaje mtu kama huyo? Upepo ulivuma, radi ikamulika mbali, na Cherehani alitamani mvua inyeshe papo hapo ili kila kitu kiahirishwe bila yeye kusema lolote. Halafu akakumbuka kuwa hakuna kesho ya kuahirishia, akajichukia kwa wazo hilo.

Mlinzi aliwafungulia lango. Yeye na shangazi walimshika babu huku na huku, wakampandisha kwenye basi mpaka kiti cha dereva. Babu alishika usukani. Dirisha la mbele halikuwa na kioo, kwa hiyo radi ilipomulika kila mtu alimwona akilipapasa lile duara kwa vidole vinavyotetemeka.

Shangazi alisimamisha kamera, akawasha tochi ili apime. Mwanga ulitoka hafifu, wa manjano, ukafifia, ukazima. Aliitikisa. Akaipigapiga kiganjani. Hakuna kitu.

"Yule muuzaji wa betri kaniuzia takataka tena!" alifoka. "Na kesho naenda dukani kwake. Atanitambua!"

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutorokea. Cherehani angenyamaza tu, lawama zingekwenda kwa mtu ambaye hata hakuwapo. Mguu wake ulipiga mpaka kokoto zikalia.

"Siyo betri, shangazi," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Ni mimi. Niliichezea mchana mpaka ikaisha. Umeme ukakatika kabla haijachaji. Nikakudanganya."

Shangazi alimpa mgongo. Hilo lilimuuma Cherehani kuliko kofi.

"Kuna nini huko?" babu aliita toka ndani ya basi.

"Mwambie mwenyewe," shangazi alisema.

Cherehani akaenda mpaka chini ya dirisha, akamwambia yote huku machozi yanamtiririka. Babu alimsikiliza. Kisha akapumua kwa nguvu.

"Mimi niliwahi kupotea njia na abiria arobaini, nikawaambia ni njia ya mkato," alisema. "Walinishusha nikatembea mbele ya basi na taa ya mkononi kuitafuta njia. Haya, acha kulia. Muulize shangazi yako kama kuna taa ya mkononi."

Simu ya shangazi ilikuwa kwa fundi, kioo kimevunjika. Wote wakamgeukia mlinzi.

"Mimi, mwenye yadi amenipa rungu tu," alisema. "Mwanga nijitafutie." Lakini akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu ndogo ya vitufe, yenye kitochi kama jicho la kuku.

Shangazi alikipokea, akamulika nacho ubavu wa basi. Ulionekana mduara mdogo wa kutu tu. Cherehani alikata tamaa. Shangazi hakukata.

"Kinatosha," alisema taratibu. "Mwanga mdogo kwa kamera si kitu kibaya. Unataka muda tu. Nitaacha jicho wazi kwa muda mrefu sana, na mtu atalipitia basi lote, kidogo kidogo, bila kuruka mahali na bila kukimbia. Akikimbia, hatutapata kitu. Mimi nitakaa na kamera niikinge mvua ikianza. Wewe ndiye utakayepita."

"Mimi? Shangazi, mimi siwezi kwenda polepole."

"Leo utaweza. Na hii tochi kubwa tunaipumzisha. Betri iliyokwisha ikipumzika hutoa mwanga mmoja wa mwisho, mfupi. Huo ni wa babu yako. Hakuna wa pili."

Kabla ya kuanza, walikuta kwamba Cherehani hafikii lile jina la juu. Mlinzi akafunga simu yake kwenye ncha ya rungu kwa leso. "Hatimaye hili rungu limepata kazi," alisema.

"Nafungua!" shangazi aliita.

Cherehani alianza na gurudumu la nyuma. Alitaka kukimbia. Mwili mzima ulimwasha. Radi ilimulika tena mbali, tone la mvua likamwangukia shingoni, na ubavu wa basi ulionekana mrefu kuliko barabara. Alishusha mwanga, akaupandisha, akasogea kidogo, akaushusha tena. Mkono uliokuwa na rungu uliuma. Alipita mlango, akapita dirisha lililozibwa kwa bati, akapita mahali ambapo mtu zamani alikwaruza jina la mpenzi wake. Mawazo yake yalikwenda mbio huku na kule, lakini hatua zake alizizuia. Alipofika mbele aligundua kwamba mguu wa kulia umenyamaza. Ulikuwa umepewa kazi.

Alipitisha mwanga juu ya jina, herufi moja baada ya nyingine. Kisha akashuka kwenye taa. Kwenye kila tundu la taa aliugeuza mwanga uitazame kamera, akasubiri, akaufunika kwa kiganja kabla ya kuhama.

"Vizuri," sauti ya shangazi ilitoka gizani. "Sasa kamata tochi kubwa. Hapa ndipo tunahitaji wepesi wako. Iwashe na kuizima hapo hapo."

Cherehani alisimama kando ya bampa na kuielekeza tochi kwenye kiti cha dereva. Aliogopa hata kupumua. "Babu, uko tayari?"

"Nipo njiani tangu zamani. Washa!"

Akabonyeza. Mwanga ulitoka mweupe, mkali, ukamwangaza babu, na kidole chake kikauzima papo hapo. Alipojaribu tena baadaye kwa udadisi, tochi haikutoa hata cheche.

"Nafunga!"

Walimshusha babu karibu waimbe kwa furaha, wakakusanyika nyuma ya kamera. Kwenye kioo kidogo cha kamera Tutafika lilisimama zima, rangi yake imerudi, jina linang'aa na taa mbili zinawaka mbele. Hapakuwa na doa hata moja. Kwenye usukani alikuwapo dereva mwenye koti la vifungo vya shaba, amekaza macho barabarani.

Babu aliinamia kioo kile kwa muda mrefu.

"Hii mikono ni yangu?" aliuliza.

"Ni yako, baba."

"Mbona imetulia?"

Mlinzi alivua kofia, akajifanya anaikung'uta mvua.

Wakirudi nyumbani, shangazi alimshika Cherehani bega.

"Nisikilize. Kuchezea tochi lilikuwa kosa dogo la mtoto. Ungeniambia pale umeme ulipokatika, tungeazima tochi kwa jirani tukacheka. Ulipolificha likakua, likataka kumla babu yako, na muuzaji wa betri juu yake. Halafu ukasema kweli wakati ungeweza kunyamaza, na ukafanya kazi ngumu kwa utulivu mpaka mwisho. Usiku wa leo picha imetoka kwa sababu ya hayo mawili. Ukitaka kuijua kazi hii, au kazi yoyote, sema ukweli mapema na usiharakishe. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shangazi. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila kesho unachaji tochi mbele ya macho yangu."

Kesho yake, Cherehani alipotoka shule, milio ya wakata vyuma ilisikika mpaka studio. Alichomeka tochi kwanza, ndipo akakata kingo za picha, safari hii polepole, na kumpelekea babu. Mzee alikuwa ameketi mlangoni, mikono mfukoni kama kawaida. Alipoiona picha aliitoa mikono yote miwili, mbele ya majirani, akaipokea. Picha ilitetemeka mikononi mwake, na ndani yake dereva alikuwa ameshika usukani, ametulia kabisa.