Nyumba ya Machage

Mwaka ule shamba la ujamaa lilipogawanywa, Dafroza alitoka jioni kwenda kung'oa mihogo ya chakula cha usiku kwenye kipande chao, nyuma kidogo ya barabara ya Kiabakari. Mumewe, Machage, alibaki kitandani na mgongo wake. Ulimshika wiki ile ile aliyopitisha plau juu ya makaburi sita ya waanzilishi wa kijiji. Walikuwa vijana waliokuja wakiimba kwamba hapa hakuna atakayelala njaa, na njaa ikawamaliza mwaka wa kwanza tu. Machage alisema wafu hawali mihogo. Mdomo wake haukuwa na breki.

Dafroza aling'oa shina la pili.

Ngo... ngo... ngo...

Akaganda. Ilikuwa sauti ya rimu ya trekta, ile iliyogongwa zamani kuita watu shambani, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake. Lakini rimu hiyo Machage aliishusha mtini mwezi uliopita, akaifanya jiko. Asubuhi hii tu Dafroza alibandika sufuria juu yake!

Ikaja harufu ya udongo mbichi. Kisha, ng'ambo ya mihogo, majembe yakaanza kulima kwa pamoja. Watu sita kwenye mstari, wameinama, hakuna anayehema. Katikati yao pengo la mtu mmoja.

"Nyumba ya Machage..." sauti ikaita taratibu.

Miaka yote ya ujamaa, nyumba yao ikiitwa shambani na Machage akiwa amelewa, Dafroza ndiye aliyemkingia kifua kwa neno moja. Likamtoka kabla hajafikiri.

"Anakuja!"

Majembe yakanyamaza.

Alitupa mihogo, akakimbia. Mungu wangu, nimefanya nini! Mlangoni alimkuta Machage amesimama wima, mtu aliyekuwa hawezi hata kujigeuza. Jembe begani.

"Rudi ndani, baba Penina," akanong'ona, akimng'ang'ania mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Niache. Nilikuwaga nachelewa kila siku. Leo wananisubiri."

Asubuhi walimkuta amelala kifudifudi kwenye tuta jipya, kati ya matuta mengine sita ambayo hakuna aliyeyalima. Daktari alisema ni moyo. Wazee waliyatazama matuta, wakaondoka. Dafroza aliipeleka rimu mwenyewe hadi Guta, akawasihi wavuvi waizamishe ziwani, mbali.

Mwaka uliofuata, jioni kama ile, alikuwa jikoni anamenya mihogo. Binti yake Penina akachungulia mlangoni, jembe mkononi.

"Mama, kuna mtu anaita nyumba yetu. Nimemwambia nakuja."