Mlizi Aenda Kuuguza

Nyumbani walimwita Mlizi, kwa sababu machozi yake yalikuwa karibu. Kuku akichinjwa, analia. Jirani akihama, analia. Basi aliposema anataka kuwauguza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, kaka yake alipaliwa na chai.

"Wewe? Utawauguza, au wao ndio watakubembeleza?"

Mama hakucheka. "Mwanangu, moyo wako mwepesi. Kazi hiyo itakumaliza."

Mlizi alimwendea jirani yao, muuguzi mkuu wa wodi ya wagonjwa hao.

"Njoo wodini wiki hii utusaidie," muuguzi alimwambia. "Jionee kwanza, ndipo uamue. Sisi hatuponyi. Tunatuliza maumivu, tunamsikiliza mgonjwa na watu wake."

Mlizi akapewa kazi ya kugawa maji. Kitandani kwa mzee mmoja, fundi cherehani, akapokelewa kwa utani.

"Tazama pindo la shuka hili! Aliyelishona alikuwa anasinzia."

Mlizi alicheka, kisha akaona mzee amekunja ngumi na paji la uso limelowa jasho.

"Babu, unaumwa?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kweli?"

Mzee akageuza uso. "Sana, mjukuu wangu. Sitaki kuwasumbua."

Machozi yakamlengalenga Mlizi, yakamtiririka. Miguu ilitaka kukimbia. Hakukimbia. Alimshika mzee mkono. "Hutusumbui, babu. Namwita muuguzi."

Muuguzi akamwita daktari, naye akaongeza dawa ya maumivu. Jioni mzee alilala, vidole vimelegea.

"Nimelia mbele ya mgonjwa," Mlizi alimwambia muuguzi. "Nimeharibu."

"Hujaharibu. Ungeharibu kama ungemwacha peke yake, au kama yeye ndiye angeanza kukutuliza. Umeona maumivu aliyotuficha sisi."

"Na nyinyi mnawezaje kila siku?"

"Hakuna anayebeba peke yake. Zamu ikiisha tunakaa pamoja, tunazungumza, anayetaka kulia analia. Nyumbani tunapumzika. Anayeelemewa anasema mapema, tunampunguzia zamu. Anayejifanya jiwe ndiye tunayemhofia."

Kabla wiki haijaisha, fundi alifariki. Mlizi alilia pamoja na wauguzi. Walimkumbuka mzee na utani wake, hata wakacheka. Kesho yake asubuhi akavaa viatu.

"Bado unakwenda?" mama aliuliza.

"Nakwenda, mama. Nitalia, lakini nitakuwa nao."

Mama akamfungulia mlango. "Haya. Ila ukielemewa, usinifiche."

Mlizi akasomea uuguzi, akafaulu, akaajiriwa wodi ileile. Mpaka leo hulia mara mojamoja. Na akija mgonjwa anayesema haumwi huku hali chakula, wenzake humwita yeye: "Hebu njoo umtazame huyu."