Mbwa Mwenye Miiba Mdomoni

Asubuhi ile Esha alikuwa anakoleza moto chini ya pipa la ngazi, matunda ya mchikichi. Mume wake, Aruna, alikuwa anasafisha mashine ya kukamulia mawese. Ilikuwa siku ya kazi kama nyingine zote hapo kwao Kigwena. Binti yao mdogo, Jamila, alikuwa nyuma ya banda.

"Mama, njoo!" Jamila aliita. "Iko mbwa huku. Iko na miti kwa mudomo!"

Esha alikimbia. Juu ya lundo la makapi alilala mbwa mwekundu asiyemjua. Mdomo wake ulikuwa wazi. Mate yenye povu na damu yalimchuruzika hadi kifuani. Jamila alikuwa amenyoosha mkono amguse.

"Acha!" Esha alimvuta mtoto kwa nguvu hadi wote wawili wakaanguka.

Alimkumbuka kijana wa jirani yao aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Kidonda kilikuwa kidogo, kikapona, watu wakasahau. Baadaye kijana alianza kuogopa maji. Akiletewa kikombe, koo lilimbana, macho yakamtoka. Alikufa hivyo, na Esha alikuwa msibani. Tangu hapo, akikutana na mbwa njiani, alivuka barabara.

Aruna alikuja akachuchumaa karibu na mbwa.

"Hii si miti, Mama Jamila. Ni miiba ya nungunungu. Maskini, wamepigana huko msituni. Na tazama, shingoni ana kamba. Huyu ana mwenyewe."

"Na hilo povu?" Esha aliuliza. "Toka hapo, Baba Jamila!"

Lakini Aruna alikuwa mtu wa huruma. Alishika mwiba mmoja akauvuta. Mbwa alilia, akageuza kichwa, akamng'ata mkononi.

Damu ilitoka.

Jirani mwingine, Fahadi, alikuja na mpini wa jembe. "Iko na wazimu, hiyo! Tuiue! Na wewe Esha, leta mawese ya moto na majivu, tumupake mukono."

Esha hakuleta mawese. Alimpigia simu Providence, veterineri anayetibu mifugo ya hapo.

"Providence, mbwa amemng'ata Aruna!"

"Mkono uko chini ya maji?"

"Hapana."

"Uweke sasa hivi. Maji yatiririke, na sabuni. Osha robo saa nzima, hata kama anaumia. Msipake mawese, wala majivu, wala majani. Msikifunge kidonda. Ukimaliza, aende hospitali leo hii. Asingoje kesho."

"Na mbwa? Fahadi anataka kumuua."

"Mwambie asimuue! Tunahitaji kumwangalia akiwa hai. Ondokeni karibu naye, watoto wakae ndani. Nakuja."

Esha alimshika Aruna mkono, akauweka chini ya maji ya bomba. Alisugua kwa sabuni, akasuuza, akasugua tena. Aruna alikunja uso. Kisha Fahadi, baada ya kuambiwa maneno ya Providence, akatupa mpini wake, akawasha pikipiki, akampeleka Aruna hospitali ya mjini Rumonge.

Providence alifika na glavu nene na mti mrefu wenye kitanzi. Alimnasa mbwa kwa mbali, akamdunga sindano ya usingizi. Mbwa alipolala, alianza kung'oa miiba kwa koleo, mmoja mmoja, polepole.

"Mtu asijaribu hii nyumbani," alisema. "Mnyama mwenye maumivu hung'ata hata mwenyewe. Na mwiba ukikatika, ncha inabaki ndani na kuoza."

Esha alisimama mbali, kanga mdomoni. "Niambie ukweli. Iko na kichaa?"

Providence hakuficha. "Sijui. Anatoa mate kwa sababu hawezi kufunga mdomo. Lakini mbwa mwenye kichaa naye hutoa mate. Kwa macho tu siwezi kujua."

"Na kama ndiyo?"

"Kichaa kikishaanza ndani ya mtu, hakuna dawa ya kukiponya. Lakini chanjo hukizuia kabla hakijaanza. Ndiyo maana Aruna ameenda leo. Mbwa tutamfungia tumwangalie siku kumi. Kama alikuwa na kichaa alipomng'ata Aruna, hatazimaliza akiwa mzima."

Walimfungia katika chumba kitupu cha kuwekea makapi.

"Sasa mtafute mwenyewe," Providence alisema. "Atatuambia kama mbwa amechanjwa, na kama ameng'ata mtu mwingine. Sema tu umeokota mbwa. Rangi usitaje, kamba usitaje. Mwenyewe ndiye azitaje."

Esha alizunguka. Aliuliza sokoni, akaomba watangaze msikitini na kanisani. Mtu mmoja alikuja haraka, akasema mbwa ni wake, mweusi, wa kuwinda. Esha alimrudisha alikotoka.

Kisha alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha Kizuka, miguu imejaa vumbi. Aliitwa Benedicte. Alikuwa amehamia huko kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na sasa alilima mihogo.

"Amahoro, dada," alisalimu. "Mbwa wangu ni mwekundu. Sikio moja limekatika. Shingoni nilimfunga kamba ya wavu, ya marehemu bwana yangu."

"Ni huyo," Esha alisema. "Amechanjwa?"

"Kuchanjwa? Mbwa?" Benedicte alishangaa. "Hapana. Analinda tu mihogo, na hajawahi kung'ata mtu. Nungunungu wananimalizia shamba."

Esha alikaa chini palepale. Alitaka kumpigia kelele. Lakini alimwona mwenzake ameshika kanga yake kwa mikono miwili.

"Amemung'ata mume wangu," Esha alisema.

Benedicte alianza kulia. "Nisamehe, dada. Sikujua."

Alitaka kumchukua mbwa wake, lakini Providence alimkatalia mpaka siku zitimie. Basi akawa anakuja kila asubuhi na chakula. Alikisukuma kwa mti chini ya mlango, bila kumgusa mbwa.

Aruna alirudi hospitali kwa kila sindano aliyoandikiwa. Akinywa maji, Esha alimtazama kooni. Akikohoa, Esha alishtuka. Usingizi ulimkimbia.

Siku zilikuwa zimekaribia kwisha mbwa alipoacha kula. Alilala kwenye kona, mdomo wazi, mate yanamtoka tena. Beseni la maji lilikuwa limejaa, halikuguswa.

"Anaogopa maji," Esha alinong'ona. Alikwenda kumtazama Aruna, akashindwa kumwambia.

Providence alikuja na sindano ya usingizi na kitanzi chake. Benedicte alipiga magoti nje ya mlango akaanza kusali. Esha alisimama karibu naye, hana nguvu hata ya kuomba dua. Walisubiri.

Mwishowe Providence alitoka. Kwenye koleo alishika ncha nyeusi ya mwiba, fupi kama punje ya mchele.

"Ilibaki chini ya ulimi," alisema. "Pamevimba na kutunga usaha. Nimepasafisha. Lakini bado hatujamaliza. Tunaendelea kungoja."

Kesho yake Esha alisimama nje ya mlango akasikia sauti. Alitega sikio. Mbwa alikuwa anakunywa maji, analamba beseni bila kupumzika. Esha alifunika uso kwa mikono miwili, akalia.

Siku kumi zilitimia, mbwa akiwa mzima. Providence aliwapigia simu hospitalini kuwapa habari. Daktari ndiye aliyemwambia Aruna sindano zipi zimebaki na zipi hazihitajiki tena. Aruna hakuamua mwenyewe. Mkono wake ulipona, ukabaki na kovu.

"Murakoze, Providence," Aruna alishukuru. "Siku nyingine nikiona mnyama ameumia, nitakuita wewe kwanza."

Baada ya hapo Providence aliitisha siku ya chanjo ya mbwa huko Kizuka. Watu wengi walikuja na mbwa wao. Hata Fahadi alikuja na mbwa wa shemeji yake, akiwaeleza wote waliokuwa kwenye foleni habari za sabuni na maji.

Zamu ya Benedicte ilipofika, kamba ilimponyoka.

"Nani atamshika?" Providence aliuliza.

Esha aliitazama kamba chini. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Aliinama, akaiokota, akaizungusha mkononi akaikaza. Mbwa mwekundu alimnusa vidole, akatulia. Sindano ikaingia.

"Tayari," Providence alisema. "Mwingine!"